Mwasumini mama kwenye mkebe mdogo: ukigoma, anza kuangalia wapi

Ukitaka asumini ya vikuba, vile vishada vya maua ya kujipamba, nyumbani na huna uwanja, njia ni hii: weka miti mama miwili mitatu kwenye mikebe ya lita 2 au 3, ikate iwe mifupi kama bonsai, juu unapunguza matawi na chini unapunguza mizizi, na kila inapochipua unachukua vipandikizi, yaani vijiti vya kuotesha miti mipya. Mti wenyewe haupiti urefu wa goti, shina linanenepa mpaka kidole gumba, na ukitunzwa vizuri kila duru unakupa vipandikizi 6 mpaka 10. Kwa rufu za Mji wa Kale hapa Mombasa na vibaraza vya ghorofa za mtaa wa Tudor hakuna mpango mzuri kushinda huu, nakwambia kwa moyo mmoja. Ila mkebe mdogo hauna subira. Jambo ambalo mti wa uwanjani ungelivumilia mwaka mzima, kwa mkebe linaonekana wiki hio hio.

Na watu wakipata shida huuliza kuhusu kipandikizi tu. Kimeoza, kimekauka, kimekaa mwezi hakina mzizi hata mmoja, niweke dawa gani. Mimi swali langu la kwanza ni mti mama uko vipi, manake kipandikizi hakina mizizi, hakili na hakinywi vya maana mpaka itoke, kinaishi kwa akiba kiliyotoka nayo kwa mama. Kama mama alikatwa na njaa, au na kiu, au mizizi yake imejaa chumvi, hakuna unga wa homoni ya kuotesha mizizi utakaokiokoa. Na shida za mti mama wenyewe, haswa hapa kwetu pwani, nyingi zinaanzia kwa maji na mizizi, wadudu wanakuja baadaye wakikuta mti umeshachoka.

Kwa hivo kabla hujaenda agroveti kununua chochote, utoe mti kwenye mkebe uangalie chini. Usiogope, mti hauumii kwa hilo. Acha udongo ukauke kidogo, laza mkebe, gonga pembeni, vuta taratibu kwa shina. Mizizi mizima ni myeupe au ya rangi ya maziwa, imara, na udongo unanukia kama baada ya mvua. Mizizi iliyooza ni myeusi, ukiivuta ganda linateleza linabaki kama uzi katikati, na harufu ni ya tope la mtaro. Ukiona imezunguka zunguka mkebe mpaka huoni udongo, basi mti umebanwa. Ukiona vinundu vinundu kwenye mizizi, hao ni minyoo wadogo wa udongoni, mti huo usiuchukulie vipandikizi vya kumpa mtu na udongo wake usiutie kwenye mkebe mwengine. Huo uchunguzi wa dakika tano unakata maneno mengi sana.

Majani mapya manjano, mishipa imebaki kijani

Hii ndio malalamiko nambari moja Mombasa na sababu yake iko chini ya miguu yetu. Sehemu kubwa ya kisiwa hiki na huko Nyali na Bamburi tumekaa juu ya mawe ya matumbawe, udongo una chokaa, maji ya kisima yana chokaa na chumvi, na hata maji ya mfereji yanayotoka Mzima Springs ni mazito kwa chokaa, angalia tu birika lako la chai ndani. Asumini inataka udongo wenye uchachu kidogo, pH, yaani kipimo cha uchachu, ya 6 mpaka 6.5 hivi. Chokaa ikizidi, madini ya chuma yapo kwenye udongo lakini mizizi haiwezi kuyachukua, na kwa sababu chuma haihami kutoka jani la zamani kwenda jani jipya, yanayoumia ni majani ya juu, yale machanga. Hapo mtu anaongeza mbolea, mbolea inaongeza chumvi, mti unazidi kuwa manjano, anaongeza tena.

Usiongeze mbolea. Kwanza angalia kama kuna ukoko mweupe juu ya udongo au kwenye mdomo wa mkebe. Pili angalia ulichoweka chini ya mkebe kwa ajili ya kupitisha maji, wengi wanaweka vipande vya mawe ya matumbawe manake ndio yanayookotwa kila mahali, na hayo yanayeyuka pole pole kila ukimwagia. Toa, weka vipande vya vigae au matofali ya udongo. Tatu badilisha maji. Wakati wa masika kinga mvua kwenye mapipa, funika vizuri mbu wasizaliane. Kiangazi, kama nyumba ina AC, weka jerikeni kwenye paipu inayodondoka nje, kwa unyevu wa Mombasa inajaa haraka, na maji hayo hayana chokaa wala chumvi, miti mama michache ya mikebe inatosheka nayo kabisa. Ukitaka haraka zaidi nunua madini ya chuma ya kuyeyusha kwenye maji, lakini soma kibandiko, ile iliyoandikwa EDDHA ndio inafanya kazi kwenye udongo wenye chokaa, ya EDTA kwa udongo wetu inachoka mapema. Majani yaliyokwisha kuwa manjano sana hayarudi yote, angalia yanayotoka sasa.

Kama manjano ni ya majani ya chini, yale makongwe, basi sio chuma, ni habari nyengine. Jani zima likififia kutoka chini kwenda juu ni njaa ya naitrojeni, au mizizi imejaa mkebe haina pa kutafuta chakula. Likiwa manjano katikati ya mishipa na ni jani kongwe, hio ni magnesiamu, chumvi ya Epsom kijiko cha chai kwa lita moja ya maji, nyunyiza jioni mara moja, ngoja wiki mbili uone.

Ncha za majani zimekauka kahawia

Chumvi. Inaweza kuwa ya kisima, inaweza kuwa ya mbolea iliyorundikana, na kama uko karibu na bahari inaweza kuwa ya upepo, manake upepo unabeba rasharasha za maji ya bahari mpaka rufuni na zinakauka juu ya jani. Onja maji unayomwagilia, kama ulimi unasikia chumvi basi mzizi unaisikia zaidi. Mwagia mkebe maji matamu, yasiyo na chumvi, kiasi cha mara tatu ya ujazo wake, yaani mkebe wa lita 3 upitishie lita 9 taratibu mpaka yatoke chini, na sahani ya chini uimwage, usiache mti ukanywa tena maji yale yale. Majani yaoshe asubuhi kwa maji matamu kama yanapigwa na upepo wa bahari.

Kuna chumvi nyengine watu hawaifikirii. Ukitumia makumbi ya nazi kwenye mchanganyiko, ambayo ni mazuri sana kwa kushika unyevu, uliza yametoka wapi, manake makumbi ya kutengeneza usumba huloekwa baharini au kwenye matope ya mikoko. Yaloweke kwenye maji matamu siku mbili tatu, mwaga, loweka tena, mpaka maji yatoke meupe bila chumvi. Mchanga wa ufuoni usiutie kabisa, chukua wa mto.

Mti umenyauka mchana na udongo uko maji

Hapa ndo wengi wanamalizia mti, wanaona umelala wanadhani kiu, wanamwagia. Udongo ukiwa na maji na majani yamelala, mizizi haifanyi kazi. Ama imeoza kwa maji kusimama, ama imepikwa. Mkebe mweusi wa plastiki juu ya zege mwezi wa pili, kaskazi ikivuma na jua la saa nane, udongo wa pembeni unapita nyuzi 40, na mizizi inayogusa ukuta wa mkebe inakufa upande ule ule unaopigwa na jua. Utoe mti uone, utakuta upande mmoja mzima upande mmoja umekufa. Paka mkebe chokaa nyeupe kwa nje, au uutie ndani ya mkebe mkubwa zaidi uache nafasi ya hewa katikati, na uinue kwa vipande vya mbao usikae juu ya zege moja kwa moja. Neti ya kivuli saa sita mpaka saa tisa inatosha, usiuhamishie gizani.

Kama ni kuoza, kata mizizi yote myeusi mpaka ufike kwenye nzima, punguza na matawi kwa kiasi hicho hicho, weka udongo mpya wenye mchanga, kivulini, maji kidogo. Vipandikizi usichukue mpaka uchipue upya.

Kama umenyauka na udongo ni mkavu ingawa umemwagia asubuhi, na maji yanapita tu yanatoka chini saa hio hio, basi umebanwa na mizizi, na dawa yake ni kukata.

Kupunguza mizizi, hapa tukae kidogo

Hii ndo siri yote ya kuweka mti mama mdogo miaka na miaka, na ndio watu wanaiogopa. Mti usiokatwa mizizi kwenye mkebe mdogo, baada ya mwaka hivi machipukizi yanakuwa mafupi, magumu, yanakimbilia kutoa matumba, na kipandikizi chake kinachukua muda mrefu kutoa mizizi. Ukikata, mizizi michanga inatoka, na machipukizi machanga yanafuata.

Fanya kila baada ya mwaka mmoja mpaka mwaka na nusu. Wakati mzuri ni mwanzo wa masika, mwezi wa tatu mwisho au wa nne, mawingu yapo na hewa ina unyevu. Wakati wa vuli pia yafaa. Kaskazi kali usithubutu. Siku moja kabla mwagia maji. Toa mti, chana mizizi kwa kijiti, kata theluthi ya chini na ile inayozunguka pembeni, mizizi minene miwili mitatu ikate fupi, ile myembamba kama nyuzi uiache mingi. Mkasi uwe mkali na umepanguswa na spiriti. Juu punguza theluthi vile vile, ukiacha kila tawi na vifundo viwili (pale majani yanapotokea) vyenye majani, usiuache uchi. Rudisha kwenye mkebe ule ule na mchanganyiko mpya, mchanga wa mto sehemu moja, makumbi yaliyooshwa sehemu moja, mboji iliyokwisha kuoza vizuri sehemu moja. Jaza kwa kijiti pasibaki mapango ya hewa. Wiki mbili kivulini, mbolea hapana mpaka uone jani jipya.

Na vile vipande ulivyokata juu usivitupe, hivyo ndo vipandikizi vyako bora, mti ulikuwa umekunywa jana yake.

Machipukizi marefu membamba, vifundo viko mbali mbali

Jua halitoshi. Vichochoro vya Mji wa Kale ni vizuri kwa kutembea lakini asumini inataka jua la moja kwa moja kwa muda wa saa 4 mpaka 6 kila siku, la asubuhi likiwa bora. Kipandikizi cha kivulini ni laini, kina maji mengi na akiba kidogo, kinaoza kabla ya kutoa mzizi. Hamisha mti, pole pole kwa muda wa wiki moja majani yasiungue, kata yale marefu, subiri yanayofuata.

Dalili hio hio kama mti uko juani, basi umeuzidishia naitrojeni. Samadi mbichi ya kuku au mbolea ya punje nyingi inakupa majani makubwa mazuri ya kijani kibichi sana yanayompendeza mpita njia, na vipandikizi vibovu. Kwa mti mama NPK 17-17-17 nusu kijiko cha chai kwenye lita 5 za maji, kila wiki mbili wakati unachipua, inatosha kabisa. Wiki mbili kabla ya kukata vipandikizi acha mbolea.

Matumba kila mahali, machipukizi hakuna

Asumini inachanua kwenye tawi jipya, kwa hivo kila chipukizi linamalizikia kwa tumba, na tawi lenye matumba linapeleka nguvu huko. Chuma maua, tia kwenye kikuba, furahia, halafu duru ikiisha kata kila tawi mpaka vifundo viwili. Wiki tatu nne yanakuja mapya. Chukua vipandikizi kabla tumba halijaonekana, na kama lipo lichomoe. Ile asumini ya maua mazito yenye petali nyingi inakua polepole kuliko ile ya petali chache, iongezee muda, sio kwamba ni mgonjwa.

Wadudu

Majani yana vidoa vidogo vya rangi ya vumbi na chini kuna utando mwembamba: utitiri, unakuja na joto kavu la kaskazi. Piga maji kwa nguvu chini ya majani siku tatu nne mfululizo, halafu mafuta ya mwarobaini kijiko cha chai na matone ya sabuni ya maji kwenye lita moja ya maji ya vuguvugu, jioni, jua likishazama, rudia baada ya wiki. Ukinyunyiza mchana majani yataungua na utasema mwarobaini ni mbaya.

Vitu vyeupe kama pamba kwenye makwapa ya matawi ni vidung'ata, na ukiona masizi meusi juu ya majani ni ukungu unaoota juu ya utomvu wao mtamu. Hapo tafuta sisimizi kwanza, manake ndio wanaowabeba na kuwalinda. Weka miguu ya meza inayobeba mikebe kwenye vikopo vya maji sisimizi wasipande, kisha futa vidung'ata kimoja kimoja kwa pamba yenye spiriti. Kwa mti mdogo hii ni kazi ya robo saa na inashinda dawa ya kunyunyiza. Chunguza na mizizi, kuna wengine wanajificha huko.

Nzi weupe wanaoruka ukitikisa mti, mwarobaini huo huo, lakini wakamate mapema kwani hawa wanaweza kubeba virusi.

Sasa kipandikizi chenyewe

Kama mti mama umeshakuwa sawa, kata alfajiri, ukiwa uliumwagilia jioni ya jana yake. Sentimita 10 mpaka 12, vifundo vitatu, tawi lisiwe laini kabisa wala gumu kavu, likunje, likikatika kwa mlio ndo lenyewe. Kata chini tu ya kifundo, toa majani ya chini, acha mawili ya juu, makubwa yapunguze nusu. Mchanga wa mto na makumbi yaliyooshwa, nusu kwa nusu, funika na chupa ya soda iliyokatwa, kivulini penye mwanga. Wiki 4 mpaka 6.

Kimekuwa cheusi kuanzia chini ndani ya wiki moja: maji mengi, au mkasi mchafu, au tawi lilikuwa laini. Kimedondosha majani lakini kijiti ni kijani: hewa ilikuwa kavu, usikitupe, baadhi hurudi. Kimekaa kijani wiki nane kina uvimbe mweupe chini bila mzizi: kinajaribu, mara nyingi ni baridi ya kivuli kizito au mti mama ulikuwa kongwe, sogeza penye mwanga zaidi. Kimetoa mizizi vizuri halafu kikafa ulipokihamisha: ulikitoa kwenye chupa ghafla. Fungua mfuniko kidogo kila siku kwa wiki nzima kabla ya kuhamisha, na mahali pa kwanza pawe na kivuli.

Vyote vya duru moja vimekufa na vya mti mwengine vimeshika kwenye mchanga ule ule? Basi unajua pa kurudi, toa mti mama ule kwenye mkebe uangalie.

Majani yenye mabaka ya manjano na kijani yasiyo na mpangilio, au vipete, na yamejikunja

Kama umeshabadilisha maji, mizizi ni mizima, wadudu hawapo, na majani mapya bado yanatoka na mabaka au vipete vya duara, hivyo ni virusi. Dawa ya virusi vya mimea haipo. Kila kipandikizi kitakachotoka hapo kitazaliwa nao, hata kikitoa mizizi ya kupendeza, na mkasi mmoja unaweza kuipelekea miti yote. Inauma kwa sababu mti mama wa bonsai umeukalia miaka, lakini utie kwenye mfuko, ufunge, utupe, usiuweke kwenye mboji. Mkasi pangusa na spiriti kutoka mti mmoja hadi mwengine, kila siku, hata wakati hakuna ugonjwa. Na kila mti mama unaoupenda, mtoto wake mmoja mzima mpe dada au jirani akuwekee kwake, mtaa mwengine, ili siku ukipoteza huo wa kwako uende kwake na mkasi safi uombe kijiti kimoja.